Unayemsomesha mtoto nyumbani, panga mapema ila usimpangie Mungu



Siku hizi wazazi wanaobaki kuniona baada ya Misa ya pili hawaleti tu mambo ya ndoa na mashamba. Wapo wanaokuja na faili. Ukilifungua unakuta jedwali lililochorwa kwa rula: mtoto ana miaka tisa, yuko kiwango cha Gredi ya 4, na masomo yake yamepangwa mwaka baada ya mwaka hadi atakapofikisha miaka kumi na minane. Hisabati ipo, Kemia ipo, na vitabu vya kununuliwa vimeorodheshwa pamoja na bei zake. Hawa ni wazazi walioamua kumsomesha mtoto wao nyumbani, na sasa shule ya upili inawanyima usingizi ingawa bado iko mbali. Maswali yao huwa mawili. Je, Kanisa linaturuhusu? Na je, si kukosa imani kupanga mambo ya miaka tisa ijayo ilhali hatujui hata ya kesho?

Niruhusu nianze na la pili, kwa sababu ndilo linalowasumbua waumini wengi, hata wale ambao watoto wao wako shuleni.

Mtume Yakobo (4:13-15) hakumkataza mtu kupanga. Aliwakemea wafanyabiashara waliojigamba kwamba watakwenda mji fulani, watakaa mwaka mzima, watauza na kupata faida, kana kwamba pumzi wanayovuta ni mali yao. Aliwafundisha waseme kwanza, Bwana akipenda. Naye Bwana Yesu (Luka 14:28-30) anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye ni lazima aketi kwanza ahesabu gharama asije akachekwa na wapita njia kwa kushindwa kumaliza. Ukipita vijijini kwetu utaiona misingi ya namna hiyo, imeota nyasi, mwenyewe akisema atarudi mambo yakiwa mazuri. Masomo ya nyumbani nayo yana misingi yake iliyoota nyasi. Mtoto alianzishwa vizuri akiwa na miaka sita, mama akiwa na nguvu na vitabu vikiwa vipya. Kisha akafika miaka kumi na mitano, na hakuna anayejua atafanya mtihani gani, katika kituo kipi, na amesajiliwa na nani. Kuacha kupanga hakumfanyi mtu kuwa na imani kubwa zaidi.

Kuhusu Kanisa, jibu liko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Papa Yohane Paulo wa Pili alilirudia jambo hilo mwaka 1981 alipoandika juu ya familia. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 793, inawapa wazazi wajibu na haki ya kuchagua njia na taasisi zitakazowafaa zaidi watoto wao kwa malezi ya Kikatoliki, kulingana na hali ya mahali. Kwa hiyo mzazi anayefundisha mezani pake hatendi dhambi. Wala yule anayempeleka mtoto shule ya jirani hana imani haba. Nasema hivi kwa sababu nimewasikia baadhi ya wazazi wa masomo ya nyumbani wakizungumza kana kwamba wenzao wamewatupa watoto kwa mbwamwitu. Hilo si sawa. Walimu wa shule zetu, wengi wao Wakristo wazuri, wanabeba mzigo ambao mimi na wewe tusingeubeba hata wiki moja.

Lakini yaangalie tena yale maneno, kulingana na hali ya mahali. Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule, na suala la masomo ya nyumbani limewahi kufikishwa mahakamani. Kwa hiyo kabla hujanunua kitabu cha kwanza, tafuta ushauri wa wakili, na uende ukazungumze na maafisa wa elimu katika eneo lako. Usijifiche. Mtoto anayefundishwa kunyamaza mgeni akiuliza anasoma wapi, anajifunza somo moja ambalo hukuliandika kwenye jedwali.

Sasa tulitazame lenyewe jedwali. Wazazi wengi hulianzia kushoto: mwaka huu kitabu hiki, mwaka ujao kile. Mimi ningekushauri uanzie kulia, mwisho kabisa, kwenye mlango ambao mtoto atapaswa kuupitia, kisha urudi nyuma. Maana milango mingine hufungwa mapema sana, na haipigi kengele inapofungwa.

Chukua mfano wa mtaala wetu wa umilisi. Mtoto aliye na miaka tisa leo hatafanya KCSE, kwa kuwa darasa la mwisho la mfumo wa zamani linafanya mtihani huo mwaka 2027. Yeye ataelekea Gredi ya 10 ya sekondari pevu, ambako wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 2026, na huko atachagua moja ya njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au sayansi za kijamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Basi, anaingiaje? Alama zake hazitoki katika mtihani wa Gredi ya 9 peke yake. Mtihani huo una asilimia 60. Asilimia 20 hutoka katika tathmini ya Gredi ya 6, na asilimia 20 nyingine hutoka katika tathmini zinazofanyiwa shuleni akiwa Gredi ya 7 na ya 8. Umeona? Mzazi anayesema atamrudisha mtoto kwenye mfumo wa serikali akifika sekondari pevu, anapaswa awe amejipanga mtoto angali na miaka kumi au kumi na moja. Akingoja Gredi ya 9, karibu nusu ya alama itakuwa imepita nyumbani kwake bila kubisha hodi.

Wengi wa wenye mafaili haya, hata hivyo, hufuata mitihani ya kigeni, hasa ile ya Cambridge, ambapo mtoto huandikishwa kama mtahiniwa binafsi kwenye kituo kinachotambuliwa. Hapa pia kuna jambo la kulijua miaka kadhaa kabla. Katika kiwango cha IGCSE, mtahiniwa wa Kemia, Fizikia au Biolojia anaweza kufanya karatasi ya maandishi badala ya mtihani wa vitendo wa maabara. Nyumba isiyo na maabara inaweza kumfikisha hapo. Lakini akipanda kiwango cha A-Level, mlango huo wa pembeni haupo tena: lazima asimame maabarani, apime, achanganye, aandike alichokiona. Binti anayetamani udaktari atafanya nini siku hiyo ikiwa hajawahi kushika chombo cha maabara? Wazazi wenye busara huanza mapema kuzungumza na mwalimu mkuu wa shule ya karibu, wakiomba mtoto aruhusiwe maabarani siku za Jumamosi, kwa ada watakayokubaliana. Wengine huungana, familia tatu au nne, wakamlipa mwalimu mmoja wa sayansi. Hayo hayapatikani kwa simu ya wiki moja kabla ya mtihani.

Na kumbukumbu! Andika. Kila mwaka weka daftari moja la kazi kwa kila somo, orodha ya vitabu vilivyosomwa, saa zilizotumika na matokeo ya majaribio. Chuo kitakapokuuliza, miaka minane baadaye, mtoto huyu alisoma nini, neno lako tamu halitatosha.

Nikiwa bado hapo, niseme jambo ambalo naliona katika karibu kila faili, na ambalo linaniuma. Sehemu kubwa ya vitabu vya masomo ya nyumbani vinavyotumika hapa hutoka Marekani. Huko masomo ya nyumbani yanaruhusiwa katika majimbo yote 50, na zipo shule za Kikatoliki zinazotuma masomo hadi majumbani, kama Seton iliyoko Front Royal, jimbo la Virginia. Familia za huko hupanga miaka minne ya shule ya upili kwa hesabu ya krediti, na kipimo cha zamani cha krediti moja ni kama saa 120 za masomo. Ni utaratibu mzuri, na mzazi mwenye nidhamu anaweza kujifunza mengi kwao. Shida ni kwamba mzazi wa Nakuru au wa Machakos analinakili jedwali zima jinsi lilivyo. Historia ya Marekani imo, mwaka mzima. Kiswahili hakimo.

Ukiuliza, unajibiwa kwamba Kiswahili mtoto atakiokota. Atakiokota wapi? Shuleni hayuko, na nyumbani mnazungumza Kiingereza ili masomo yaingie. Pale kijijini kwa nyanya anakaa wiki moja wakati wa Krismasi, tena na simu mkononi. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha jumuiya ndogo ndogo ambapo kijana wa miaka kumi na minne, mwenye akili nyingi, aliombwa asome somo la siku. Alilitamka neno moja moja kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kisha mwenyekiti akamwomba aongoze maombi kwa ajili ya mama mzee aliyekuwa amelazwa. Kijana alimtazama mama yake, na mama akaomba badala yake. Yule mzee ni jirani yao wa miaka mingi. Mtoto anayejua tarehe za vita vya watu wengine lakini hawezi kumwombea jirani yake kwa sauti, kwa lugha ambayo jirani anaielewa, amepungukiwa kitu ambacho hakitatokea kwenye cheti chochote.

Kwa hiyo weka Kiswahili kwenye jedwali, kila mwaka, bila kuruka, na si kwa ajili ya ibada peke yake. Kiswahili, au Lugha ya Ishara ya Kenya, ni somo la lazima katika sekondari pevu. Hata Cambridge wenyewe wanakitahini katika IGCSE. Mpe mtoto Biblia ya Kiswahili asome sura moja kwa sauti kila jioni, mpe gazeti hili, na mwache amwandikie nyanya barua ya ukurasa mzima kila mwezi. Nyanya ataisahihisha bila malipo, tena kwa ukali kuliko mwalimu yeyote.

Naitaja nyanya kwa sababu nyingine pia. Mtume Paulo anapomkumbusha Timotheo imani yake (2 Timotheo 1:5), hataji shule. Anamtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Hii ndiyo sababu wazazi wengi hunipa ya kusomesha nyumbani: Padri, tunataka imani. Nafurahi kusikia. Kisha nalitafuta somo la dini kwenye jedwali, na nakuta mstari mmoja tu, umeandikwa Jumapili. Kemia ina saa tano kwa wiki, imani ina Misa.

Mtoto wa miaka tisa anaridhika na hadithi ya Daudi na Goliathi. Akifika kumi na sita atakuuliza kwa nini mtoto wa jirani alikufa ilhali parokia nzima ilimwombea. Atakuuliza kama sayansi haijaifuta sura ya kwanza ya Mwanzo, na kwa nini aungame kwa binadamu mwenzake. Hayo nayo yanapangwa miaka kadhaa kabla, kwa maana wewe mwenyewe unahitaji muda wa kuyasoma. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 ina sehemu nne: imani tunayoikiri, sakramenti, maisha katika Kristo, na sala. Kuanzia Gredi ya 9 hadi ya 12 ni miaka minne. Chukua sehemu moja kila mwaka, kurasa chache kwa wiki, msome wote wawili na mbishane. Mkifika kwenye somo la urithi katika Biolojia, mwambie kwamba Gregor Mendel, aliyechapisha utafiti wake wa njegere mwaka 1866, alikuwa mtawa wa Mtakatifu Augustino. Na mlete kwenye mafundisho ya Kipaimara pamoja na wenzake, hata kama unaona katekista hajui mengi kama wewe. Imani ya Kikatoliki haisomwi peke yako chumbani. Mtoto anahitaji kumsikia fundi wa baiskeli akishuhudia, na mwenzake wa rika lake akikosea sala na kucheka.

Hata Familia Takatifu haikutosha peke yake. Isome upya ile Injili ya Luka 2:41-52. Yesu ana miaka kumi na miwili, amelelewa Nazareti kwa mama mtakatifu kuliko mama wote na kwa baba mwenye haki. Wanapotoka Yerusalemu, wazazi wanatembea safari ya siku nzima wakidhani yumo katika msafara. Walikuwa na mpango, na mpango ulikuwa mzuri, ila mtoto hakuwemo. Wanamwona baada ya siku tatu, akiwa hekaluni ameketi katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Mwana wa Mungu alikaa mbele ya walimu ambao si wa nyumbani kwao. Mama alipomuuliza kwa nini amewatendea hivyo, alimjibu juu ya Baba mwingine aliye na mambo yake. Luka anasema waziwazi kwamba hawakuelewa. Kisha akashuka nao Nazareti, akawatii, na Mariamu akayaweka yote moyoni.

Mzazi mwenye faili, hapo ndipo ningependa ukae kidogo. Jedwali lako limefika miaka kumi na minane, na kila kisanduku kimejaa. Mtoto ataongea wapi? Mwanao aliyepangiwa uhandisi anaweza kukuambia akiwa na miaka kumi na minne kwamba anatamani seminari. Anaweza pia kukuambia anataka kuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na hilo kwa wazazi wengine ni msiba mkubwa kuliko seminari. Yosefu alikuwa fundi. Ninachokuomba ni hiki: miaka ya mwanzo ijaze, kwa sababu kusoma, kuandika, hesabu na sala havihitaji kura ya mtoto. Kadiri unavyoelekea miaka ya mwisho, acha visanduku wazi. Andika ni lini utamuuliza, labda akitimiza miaka kumi na miwili, kisha tena kabla ya kuchagua njia ya sekondari pevu. Ukimuuliza, uwe tayari kusikia ambacho hukukiandika, na usimjibu siku hiyo hiyo.

Yako mengine madogo ya kusemwa. Katika mafaili haya mwandiko huwa wa mama, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Baba ameweka sahihi. Akina baba, chukueni walau masomo mawili na mfundishe wenyewe, jioni, hata mkiwa mmechoka. Isitoshe, mpango unaomtegemea mtu mmoja kwa miaka tisa si mpango. Mama huyo anaweza kuugua, au akajaliwa mimba ngumu, au kazi ya baba ikaisha na yeye akalazimika kwenda kutafuta. Andikeni mapema, mkiwa bado na afya na amani, mtafanya nini ikiwa hivyo: shule gani mtamwingiza, ada itatoka wapi, na nani atamfuatilia.

Na nakala moja ya faili mpeni msimamizi wake wa ubatizo. Siku ile aliulizwa mbele ya altare kama yuko tayari kuwasaidia wazazi wa mtoto huyu katika wajibu wao, akaitika kwamba yuko tayari. Wengi wa wasimamizi hawa, tangu zile picha zipigwe nje ya kanisa, hawajaulizwa jambo lingine lolote.